Maswali ya Wasomaji: Sumaku ya tabaka moja, na "joto la chumba" la nani?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba ziko fuwele ambazo hata ukizichana hadi zibaki na unene wa atomu chache bado ni sumaku, na kwamba chache kati yake hazihitaji kupozwa kwa heliamu ili zifanye kazi. Maswali yaliyotufikia kutoka Nairobi na viunga vyake ni mengi kuliko nafasi. Tumechagua sita, na la tatu limekula nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu linastahili.

Mnasema "joto la chumba". Chumba cha nani? Darasa langu mwezi wa Julai watoto huketi na sweta, Februari mabati yanachoma. Na nikiisaga sumaku ya friji hadi iwe nyembamba kabisa, si nami nimepata sumaku ya dimensheni mbili? — Mwalimu wa fizikia, Kasarani

Mwalimu, wanafizikia wanapotaja joto la chumba huwa wanamaanisha takriban kelvini 300, yaani nyuzi 27 za selsiasi (kelvini huanza kuhesabu kwenye sifuri kamili, nyuzi 273 chini ya sifuri ya selsiasi). Ni kipimo cha kukubaliana tu. Kila sumaku ina joto lake la Curie, ambalo likipitwa atomu huacha kuelekeana na usumaku huisha: chuma ni nyuzi 770, nikeli karibu 358, na gadolini karibu 20. Hiyo gadolini ingelikufaa sana darasani. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12 ingenata kwenye sumaku; alasiri ya Februari yenye nyuzi 28 ingedondoka. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu ni sumaku "kwa joto la chumba", muulize kimebakiza nyuzi ngapi juu ya hapo. Ndipo utajua kama anazungumzia chuma au gadolini.

Sumaku ya friji ni unga wa feraiti uliochanganywa na plastiki. Ukiisaga unapata unga ule ule, na chembe ya mikromita moja bado ni rundo la matabaka zaidi ya elfu moja ya atomu. Fuwele tunazozisema zimeumbika kama chapati iliyosukumwa vizuri: ndani ya tabaka atomu zimeshikana kwa nguvu, ila tabaka na tabaka zimegusana tu kwa mvuto hafifu wa van der Waals. Ndiyo maana zinachanika bila kuacha ncha zilizovunjika, na tabaka moja linabaki zima, juu yake hakuna kitu na chini yake hakuna kitu.

Darasani tunafundishwa kanuni ya Mermin na Wagner ya 1966: hakuna usumaku katika dimensheni mbili kwenye joto lolote juu ya sifuri. Sasa hizi sumaku zimetoka wapi? — Mwanafunzi wa uzamili, Juja

Kanuni haikukosea. Kinachosahaulika ni masharti yake. Inahusu spini, yaani visumaku vidogo vya atomu, zilizo huru kuelekea upande wowote kwa gharama ile ile, zinazoshawishiana na jirani wa karibu pekee.

Waza umati umejaa Uhuru Park, kila mtu akitazama anakotazama jirani yake. Kila mmoja akigeuka kwa unywele mmoja tu kumzidi mwenzake, hakuna atakayeona tofauti, lakini ukitembea watu elfu moja mbele utamkuta mtu amekupa kisogo. Hilo ni wimbi la spini, na likiwa refu halina gharama yoyote ya maana. Katika bonge la fuwele mawimbi hayo marefu ni machache kiasi cha kuvumilika. Katika utando mmoja ni mengi mno, na joto, hata liwe dogo kiasi gani, litayaamsha yote.

Sasa tia sharti: fuwele ipende spini zisimame wima, juu au chini ya utando, zisilale. Wimbi likitaka kuanza sharti lilipe kiingilio. Lars Onsager alikuwa ameshaonyesha mwaka 1944 kwamba spini za aina hiyo, za juu na chini tu, hubaki na mpangilio hata kwenye utando. Kiingilio chenyewe ni kidogo, sehemu tu ya milielektrovolti moja (kipimo kidogo cha nishati), ilhali mtikisiko wa joto la chumba ni kama milielektrovolti 26. Wanafunzi wengi hukwama hapo: kidogo hivyo kinazuiaje? Kazi yake ni kufunga mlango wa mawimbi marefu ya bure, basi. Sumaku itadumu hadi joto gani, hilo linaamuliwa na nguvu ya jirani kwa jirani.

Tazama fuwele zenyewe. CrI3, ya kromi na iodini, iliyotangazwa 2017, ni sumaku hadi kelvini 61 ikiwa bonge na 45 ikiwa tabaka moja. Kromi zake husemezana kupitia iodini, na sauti haifiki mbali. Cr2Ge2Te6, ya kromi, gerimani na teluri, iliyotangazwa mwaka huo huo, ina kiingilio kidogo zaidi, na imeadhibiwa ipasavyo: kutoka karibu kelvini 66 ikiwa bonge hadi kama 30 ikiwa matabaka mawili. Fe3GeTe2, ya chuma, gerimani na teluri, ni metali, elektroni zake zinazotembea hubeba ujumbe: bonge hufika karibu 220, tabaka moja kama 130, na mwaka 2018 vipande vyembamba vilivyoingizwa ayoni za lithi kwa volteji vilisukumwa hadi joto la chumba. Kisha gerimani ikaondolewa, ikawekwa gali. Fe3GaTe2, iliyoripotiwa 2022, hufika kelvini 350 hadi 380 bila msaada wa volteji, na spini zake zinasimama wima.

Nilitengeneza grafini oksaidi (matabaka ya kaboni yenye oksijeni) kwa njia ya Hummers, ya kuoksidisha grafiti, nikatuma unga miligramu 5 upimwe nje ya nchi. Grafu imerudi na kitanzi cha histeresisi kwenye kelvini 300, kilele kama 0.01 emu kwa gramu. Msimamizi wangu anasema tuandike makala haraka. Tuandike? — Mwanafunzi wa kemia, Westlands

Dada, msiandike bado. Kitanzi cha histeresisi ni alama kwamba kitu kinabaki na usumaku hata uga wa sumaku ukiondolewa, na emu ni kipimo cha usumaku huo, lakini hakikuambii ni kitu gani. Chukua kalamu kwanza.

Miligramu 5 ni gramu 0.005, na hizo mara 0.01 ni emu 0.00005. Chuma halisi kilichoshiba usumaku hutoa emu 218 kwa gramu. Gawanya: kitanzi chako chote kinaelezwa na mikrogramu 0.23 za chuma. Kama chuma hicho ni punje moja ya mviringo, kipenyo chake ni mikromita 38 hivi, karibu nusu ya upana wa unywele. Punje moja tu, katika unga wote uliotuma.

Na Nairobi punje hizo haziadimiki. Funga sumaku ndani ya karatasi ya nailoni, iburute kwenye vumbi la ukingo wa barabara yoyote, kisha uitazame: imeota manyoya meusi. Hayo ni madini ya chuma ya udongo wa volkano, mabaki ya breki za matatu na cheche za greinda za mafundi. Vumbi hilo linaingia kwa dirisha la maabara na kukaa kwenye mizani.

Vumbi likikukosa, viko vyombo. Kibano cha chuma cha pua kinaweza kuacha chembe kila kinapokwaruza. Tumia cha plastiki au titani. Kijiko cha kupimia vilevile. Mrija wa kushikilia sampuli ukikatwa kwa wembe unapata chuma kwenye ukingo wake. Ukate kwa kisu cha kauri. Grafiti ya madini ina chuma chake tangu mgodini. Na Hummers yenyewe hutumia pamanganeti ya potasiamu, kwa hiyo manganizi inabaki kati ya matabaka hata baada ya kusuuza mara kadhaa.

Habari njema ni kwamba kila mchafu huacha alama yake ukipima kwa kushusha joto badala ya kukaa kwenye 300 peke yake. Usumaku wa magnetaiti, oksaidi ya chuma, huruka ghafla karibu na kelvini 120. Oksaidi ya manganizi, Mn3O4, huamka karibu na 42. Hewa iliyovuja ndani ya chombo hutoa kinundu kati ya 45 na 55 hivi, kwa kuwa oksijeni iliyoganda nayo ina usumaku. Wengi wamekisherehekea kinundu hicho kabla ya kukijua. Ayoni za manganizi zilizotawanyika hazitoi kitanzi kwenye 300, hutoa mstari tu, kwa hiyo usizisingizie.

Fanya hivi kwa mfuatano. Pima chombo kitupu. Pima grafiti uliyoanza nayo, isiyoguswa. Suuza unga kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, uuzungushe kwenye mashine ya kutenga, rudia hadi maji ya mwisho yawe safi, kisha pima tena: kitanzi kikipungua kwa kusuuza, basi kilikuwa cha uchafu. Tuma sehemu ya unga ule ule ipimwe chuma, nikeli, kobalti na manganizi hadi sehemu moja kwa milioni. Kwa kilele chako, chuma cha sehemu 46 kwa milioni kinatosha kueleza kila kitu, kwa hiyo ripoti isemayo "chini ya 100" haikusaidii. Mwisho, angalia upana wa kitanzi. Mashine zenye koili ya kipitishi kikuu (waya usiozuia umeme kabisa) hubaki na uga wa sumaku wa kama oersted 20 hadi 30, yaani tesla 0.002 hadi 0.003, zikishatoka kwenye uga wa tesla 5. Kitanzi chembamba kuliko hapo huenda ni cha mashine.

Kwa kipande kimoja cha utando hali ni ngumu zaidi. Kipande cha CrI3 cha tabaka moja chenye mikromita 10 kwa 10 kina usumaku wa takriban 1.4 × 10⁻¹¹ emu. Mashine nzuri ya SQUID, kipima usumaku makini sana, huona hadi kama 10⁻⁸. Chipu ya silikoni iliyokibeba, ya milimita 5 kwa 5 na unene wa nusu milimita, yenyewe husukumana na uga wa tesla moja kwa kiasi kinachokipita kipande hicho mara milioni mbili na zaidi. Punje ya chuma ya mikromita moja inakipita mara 60 hivi. Ndiyo sababu wanaojua hawapimi utando kwa kuupima mzima mzima. Wao humulika doa dogo kwa leza na kutazama mwelekeo wa mtetemo wa mwanga ulioakisiwa umezunguka kiasi gani, au wanaweka nyaya na kupima volteji ya Hall, ile inayozuka pembeni mwa mkondo wa umeme, au hutumia eksirei inayotambua aina moja moja ya atomu, kwamba usumaku huu ni wa kromi, ule ni wa chuma.

VSe2, ya vanadi na seleni, imekuwa funzo kwa wengi. Mwaka 2018 tabaka lake moja lilitangazwa kuwa sumaku kali kwa joto la chumba. Wengine walipoipima kwa eksirei hawakuuona mpangilio huo wa vanadi. Walichokuta ni elektroni zilizojipanga kwa mawimbi ya chaji. Mabishano yameendelea tangu hapo.

Hizi sumaku zitaingia lini kwenye simu? — Fundi wa simu, Luthuli Avenue

Tarehe hatutoi, fundi. Lakini kazi yako inakupa kipimo kizuri. Wewe unajua bodi ya simu inavyowaka mkononi ikichajiwa huku mtu anacheza gemu. Chipu nyingi hutakiwa kufanya kazi hadi nyuzi 85, na za magari hadi 125. Fe3GaTe2, bora katika kundi hili, hufia kati ya nyuzi 77 na 107 ikiwa bonge, na ukiipunguza hadi matabaka machache hushuka zaidi. Tena usumaku hauozi siku ya mwisho tu. Unadhoofika njiani kabla ya kufika hapo.

Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi: kumbukumbu za sumaku zinazouzwa tayari hutumia utando wa kobalti, chuma na boroni wenye unene wa kama nanomita moja, na unafanya kazi vizuri kwa joto la chumba. Wembamba peke yake si habari. Faida ya fuwele hizi mpya ni kupangika juu ya fuwele nyingine yoyote bila kulazimisha atomu zilingane, na kugeuzwa tabia kwa volteji. Hiyo ndiyo hoja ya kuwauliza wauzaji.

Tumepata fuwele ndogo za Fe3GaTe2 na tuna chipu za silikoni. Kila tukichana kwa selotepu tunapata vipande vinene au gundi tupu. Tunakosea wapi? — Kikundi cha wanafunzi, Kahawa

Pengine mnakunja mara nyingi mno, na chipu si safi.

Tafuteni chipu yenye oksaidi ya nanomita 285 hadi 300, kwa kuwa kwenye unene huo rangi ya kipande chembamba huonekana kwa hadubini. Oksaidi ya unene wowote tu itawaficha mnachokitafuta. Ioshwe kwa asetoni dakika tano kwenye beseni la mtetemo, kisha isopropanoli dakika tano, na isiachwe ikauke yenyewe: puliza nitrojeni, la sivyo tone hukauka na kuacha pete. Ikiwezekana ipite kwenye plazima ya oksijeni dakika chache, na itumike papo hapo. Majira ya masika ukiiacha mezani kwa muda wa chai tu, utando wa maji umeshairudia.

Wekeni fuwele ya milimita 2 au 3 kwenye selotepu, kunjeni na kuchana mara 5 hadi 8, kila mara sehemu ambayo haijaguswa. Mkizidisha mnavunja vipande viwe vidogo bila kuvipunguza unene. Bandikeni juu ya chipu, sugueni kwa kidole taratibu, pasheni moto kwenye nyuzi 100 kwa dakika moja au mbili, acheni ipoe kabisa, kisha vuteni tepu polepole sana ikiwa imelala karibu na chipu. Gundi nyingi maana yake mmevuta ikiwa bado moto, au tepu ni ile ya kufungia mizigo.

Grafini itawatii kwa njia hii, lakini familia ya Fe3GeTe2 ina ubishi: matabaka yake yameshikana zaidi, na tepu peke yake ni nadra ifike tabaka moja. Waliofanikiwa walifunika fuwele kwa alumina nyembamba iinue tabaka la juu, au waliibandika kwenye utando wa dhahabu. Unene hakikisheni kwa hadubini ya nguvu ya atomu, tabaka moja likiwa kama nanomita 0.8. Msikadirie. Katika CrI3 matabaka mawili huelekea kinyume na kufutana, kwa hiyo aliyehesabu vibaya anaweza kusema sumaku imekufa.

Halafu hewa. CrI3 ikiwa nyembamba hunywa unyevu na kuharibika kwa dakika chache, na mwanga wa hadubini huharakisha. Za chuma huvumilia kidogo lakini uso wake huoksidika, na oksaidi hiyo huharibu kipimo. Kazi yote ifanyike ndani ya sanduku la glavu lenye argoni, oksijeni na maji chini ya sehemu moja kwa milioni, na kipande kifunikwe kwa nitridi ya boroni juu na chini kabla hakijatoka. Stima ikipotea kipulizio husimama, na unyevu hupenya kwenye mpira wa glavu pole pole hata kama hakuna tundu. Wekeni sampuli ndani ya kichupa kilichofungwa, humo humo kwenye sanduku, hata mkiwa mnarudi baada ya saa moja.

Nifanye jaribio gani kuwaonyesha vijana joto la Curie bila vifaa vya maabara? — Msimamizi wa klabu ya sayansi, Kayole

Nunua waya mwembamba wa kufungia vyuma, ule wa wajenzi, na sumaku ya feraiti kutoka spika iliyoharibika. Sumaku za neodimi za diski kuu zina nguvu zaidi lakini nyingi huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na hazirudi, feraiti itastahimili.

Ning'iniza kipande cha waya cha sentimita 3 mwishoni mwa waya wa shaba wa sentimita 20, ili kibembee. Shaba haivutwi na sumaku na haiungui kama uzi. Weka sumaku pembeni ili kipande kivutwe na kusimama mshazari bila kuigusa, nafasi ya sentimita moja ibaki kati yao. Leta moto wa gesi kwenye ncha ya kipande hicho, mwali ukielekea mbali na sumaku. Waya ukifika wekundu wa kung'aa, hapo karibu na nyuzi 770, unaachiliwa na kuanguka wima. Ukiutoa motoni unapoa na kuvutwa tena, na ukiupanga vizuri utaenda na kurudi wenyewe.

Usipoachiliwa, sababu ni mbili tu kwa kawaida: waya ni mnene na moto wa jiko haufiki wekundu huo, au sumaku iko karibu mno na inashika sehemu ya juu ambayo bado ni baridi. Sogeza sumaku nusu sentimita nyuma kabla hujabadilisha kitu kingine. Na waya uliokwisha tumika mara nyingi huwa na ganda jeusi la oksaidi. Kata kipande kipya.